Anwani ya Kamera ya Papa

Jumatatu, 3 Machi

Umeme umekatika mara mbili kabla ya saa nne. Uliporudi, tableti ya dukani nyeusi tena. Nimeacha nguo kwenye beseni, nimekwenda kutafuta kamera imepewa namba gani safari hii. Kumi na moja. Jana ilikuwa tano. Juzi saba. Kila umeme ukirudi, ruta, kile kisanduku cha Wi-Fi, inagawa namba upya, na kamera inachukua itakayopewa.

Kamera inaangalia kitanda cha Papa. Tangu ugonjwa ulipompiga, upande wake wa kuume haufanyi kazi, lakini yeye hakubali. Anataka kusimama peke yake. Mama anauza dukani, mbele, kando ya lango. Papa analala chumba cha nyuma kabisa. Tableti ndiyo macho ya Mama. Haihitaji intaneti. Inahitaji tu kujua kamera iko kwenye anwani gani ndani ya nyumba. Anwani ikibadilika, Mama haoni kitu.

"Ngalula! Weye ulisoma informatique miaka mitatu, na kakamera kamoja kanakushinda?"

Ni Mama, mbele ya wateja, anayataja masomo yangu ya kompyuta. Wamecheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 4 Machi

Nimeingia kwenye mipangilio ya kamera yenyewe. Nimeondoa "otomatiki". Nimeandika kwa mkono: 192.168.1.7. Nimechagua saba kwa sababu tableti ilikuwa inaijua tayari. Nimezima kila kitu, nimewasha. Saba. Nimezima tena. Saba.

Dakika ishirini tu. Na mimi nilivumilia kelele miezi miwili. Nimekula bukari ya jana, ugali uliopoa, nikiwa nimesimama, nikijisikia mtu mkubwa.

Ijumaa, 7 Machi

Siku tatu bila kuitwa.

Jumapili, 9 Machi

Papa ameanguka.

Naandika kwa mpangilio, la sivyo nitapasuka. Baada ya ibada walikuja wamama saba wa kikundi cha sala. Waliomba kando ya kitanda, kisha wakakaa sebuleni. Mama aliwasalimia, akarudi dukani. Mimi nilibaki kuwahudumia. Kwetu anayekuja kumwona mgonjwa hapewi soda tu, anapewa na Wi-Fi. Mama ameandika neno la siri kwenye katoni, ameibandika karibu na mlango wa sebule, kama mahali pengine wanavyobandika kalenda.

Umeme ukakatika. Ukarudi. Ruta ilipoamka ilikuwa imesahau kila kitu, ikaanza kuzigawia simu za wamama namba. Simu ya mmoja wao ikapewa namba saba. Ruta haikujua kwamba kamera imekwisha kukaa pale. Niliiambia kamera. Ruta sikuiambia.

Vitu viwili, anwani moja. Picha ilikuwa imerudi, na haikuzimika tena. Ingezimika, Mama angepiga kelele. Iliganda. Mama aliangalia, Papa amelala. Akapima mchele, akaangalia, Papa amelala. Papa alikuwa sakafuni. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, namimina soda.

Nyusi imepasuka. Ameshonwa kwenye dispanseri. Mfupa hakuna uliovunjika. Nilimuuliza alitaka nini. Akasema polepole, neno kwa neno:

"Nilitaka kuenda kunawa. Miye peke yangu."

Jumatatu, 10 Machi

Hakuna anayenilaumu, kwa sababu hakuna aliyeelewa kosa. Mama anasema ni umeme. Si umeme. Ni mimi. Nilichagua namba ndani ya zile ambazo ruta inagawa, bila kuangalia inagawa kutoka wapi mpaka wapi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua.

Naweza kuiweka kamera kwenye 200, labda ruta haifiki huko, na kuomba Mungu. Lakini nilikwisha kubahatisha mara moja, na aliyeshonwa si mimi. Sibahatishi tena. Lazima nifungue ukurasa wa ruta, niione orodha yake, niifunge namba ya kamera huko huko. Neno la siri la ukurasa ule analo kaka yangu mkubwa, Yaya Guylain. Ndiye aliyeleta ruta na kuipanga, kabla ya kurudi kazini Kolwezi.

Nimempigia. Mpaka leo ananiita petite, mdogo.

"Petite, ile kintu usiguse. Miye ndjo niliiweka. Nitakuya Pasaka."

"Yaya, Papa alianguka."

"Basi mukae naye pale."

Mukae naye. Yeye yuko Kolwezi.

Jumatano, 12 Machi

Tunakaa naye. Kwa zamu. Mama asubuhi, duka limefungwa. Mimi mchana. Wateja wanagonga lango, wanaondoka. Papa hapendi. Anageuza uso ukutani, kama mtu anayelindwa na askari.

Nimejaribu kukisia neno la siri. Jina la mke wa Yaya. La mtoto wake. Mwaka wa harusi. Timu yake ya mpira. Ukurasa unakataa, unaniomba nisubiri dakika tano, nasubiri, unakataa. Nimeona haya kumjua kaka yangu kidogo hivi.

Kuna kitundu nyuma ya ruta. Ukibonyeza humo kwa pini sekunde kumi, inarudi ilivyotoka kiwandani. Nimemwambia Mama.

"Achana na kintu ya yaya yako. Atasema tulimuzarau."

Kitu cha mkubwa hakiguswi, hata kama ni kisanduku cha plastiki. Nimelelewa hivyo. Nina hasira mpaka meno yanauma.

Alhamisi, 13 Machi

Nimebonyeza.

Mama alikuwa chumbani kwa Papa. Nilitumia pini ya kilemba chake. Taa zote zilizimika pamoja, na kwa muda nilifikiri nimeiua. Kisha zikarudi moja moja. Ukurasa ukafunguka kwa neno la siri lililoandikwa chini ya kisanduku. Inagawa kutoka 2 mpaka 254. Ile 200 ingekuwa ndani vilevile. Nimekaa nikiiangalia namba hiyo.

Nimenakili namba ambayo kamera ilizaliwa nayo kiwandani, ile isiyobadilika, nikaifungia saba. Sasa ruta nayo inajua. Hakuna simu itakayopewa saba. Nimerudisha jina la Wi-Fi na neno la kwenye katoni. Nimeunganisha simu yangu, ya Mama, za wapangaji wawili wa annexe, nyumba ndogo ya uani. Nimezima na kuwasha mara sita. Mara sita, saba.

Intaneti imekufa. Jina na neno la siri la kampuni ya intaneti, ambavyo Yaya aliviandika humo, vimefutika pamoja na vyote. Hilo sikuliwaza.

Wapangaji walimpigia Yaya kabla yangu, naye akanipigia.

"Nani alikutuma? Sema! Nani alikutuma?"

Nilimjibu kwamba picha inafanya kazi. Akakata.

Jumamosi, 15 Machi

Wamama wa sala wamerudi. Mama aliwaambia kuhusu Wi-Fi kwa sauti ya mtu anayetangaza kifo. Mmoja akatia simu kwenye mkoba:

"Kumbe leo tutaongea na mugonjwa!"

Wamecheka, hata Papa, upande mmoja wa mdomo. Mama hakucheka. Walipoondoka aliniambia nimpigie Yaya, niombe msamaha. Nimemwandikia ujumbe, kwa salio la simu yangu, kwamba naomba msamaha kwa ajili ya intaneti. Kwa ajili ya intaneti tu. Ameusoma. Hajajibu.

Mama amefungua duka, lakini haiamini tableti. Kila robo saa anakwenda nyuma kuangalia mwenyewe, anarudi, analinganisha. Ningekuwa yeye, ningefanya vilevile.

Jumanne, 18 Machi

Mvua tangu asubuhi. Umeme ulikatika saa tisa, ukarudi baada ya muda mfupi. Nilikuwa dukani na Mama. Tableti ilikaa nyeusi kama dakika mbili, kisha chumba kikatokea, chenyewe, bila mkono wa mtu. Papa ameketi ukingoni mwa kitanda. Mguu mmoja chini. Mkono mzuri unatafuta ukuta.

Mama aliacha sukari kwenye mizani, akatoka. Nilimwona akiingia kwenye picha kabla Papa hajanyanyuka. Hakumrudisha kitandani. Aliweka bega chini ya kwapa lake, wakasimama pamoja, wakaenda polepole upande wa bafu mpaka wakatoka kwenye picha.

Mteja aliyekuwa anangoja sukari aliniuliza Mama iko wapi.

"Iko na Papa," nikamwambia. Nikamalizia kupima.