Kiti Kilichogoma Mlangoni

Tarehe 9 Februari

Mwanangu Kijiti,

Pokea salamu za mama yako, zikizidi ziweke akiba. Hapa tu wazima. Goti langu la kulia lina maneno yake asubuhi, lakini likishapata moto linanyamaza. Wewe je? Unakula, au bado unaishi kwa mkate na chai kama panya wa stoo?

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sifai. Nikisikia sauti yako naweka simu chini nifute macho, nawe unadhani mtandao umekatika.

Picha za kazi yako nimemwonyesha jirani wa ukuta, mwenye duka, hata nesi aliyekuja kunipima presha. Nesi akasema imepanda. Nikamwambia hiyo si presha, hiyo ni fahari ya mzazi. Nimewaeleza vizuri: mwanangu anachukua mapipa ya mbao yaliyolaza wiski miaka na miaka, yakishachoka anayafumua, anatoa viti na meza za sebule ndogo. Jirani akauliza, "Na ile wiski wanaimwaga wapi?" Unamjua, hajabadilika.

Sasa nimekaa nikajiuliza. Wageni wa huko wanakalia viti vya mwanangu, na mimi niliyemzaa nakalia kochi ambalo springi zake zinanijua kuliko daktari. Nitengenezee kimoja. Na ukilete mwenyewe.

Ni mimi,
Mama yako

Tarehe 2 Machi

Shikamoo mama,

Mimi mzima, nakula, na panya wa stoo anakusalimia. Goti lifunge kitambaa cha moto usiku, usilisikilize asubuhi tu.

Kiti nitakutengenezea. Watu wa mji huu wanaishi kwenye vyumba ambavyo ukifungua kabati lazima ukunje miguu, ndiyo maana tajiri wangu haturuhusu kugusa ubao kabla ya kuletewa uzi. Mteja anaunyoosha uzi kwenye ukuta wake, anaukata pale ukuta unapoishia, nasi tunaupigilia juu ya meza ya kazi. Kiti kinafuata uzi. Basi pima ukuta wako, unitumie.

Kukileta mwenyewe, sijui. Karatasi zangu za ukaazi bado ziko kwa wakubwa. Zikitoka mwisho wa mwaka, nakuja. Kiti kitatangulia, kuna wenzetu wanaorudisha mizigo yao nyumbani kwa kontena.

Mwanao

Tarehe 28 Machi

Kijiti baba,

Nimefurahi kusikia unakula. Mimi sijambo, goti limepata kitambaa chake.

Uzi huu hapa. Ufungue taratibu usijipige mafundo. Nimepima ukuta wa kulia ukiingia, ule wenye picha ya marehemu baba yako. Jirani alikuwa amesimama mlangoni, eti amekuja kuomba kiberiti. Nikamwambia subiri, napima sebule, na naona uzi wenyewe hautatosha. Usishangae urefu. Uliondoka zamani, huenda unaikumbuka sebule yetu ndogo.

Kiwe cha watu wawili, watatu wakipendana.

Mama yako

Tarehe 11 Juni

Shikamoo mama,

Natumaini u mzima na majirani umewapumzisha kusikia sifa zangu. Mimi niko salama.

Kiti kimepakiwa jana. Pipa hili lilikuwa jeusi kwa ndani, maana huchomwa moto kabla ya kutiwa wiski. Ule weusi nimeuelekeza nyuma usikuchafue. Mbao za pipa zimepinda, na tajiri alitaka nizinyooshe. Nikakataa. Nilizigeuza geuza mpaka nikapata mpindo unaofanana na mgongo wako ukishachoka. Ukiegemea utanielewa.

Kitanuka kidogo. Usikioshe kwa sabuni, harufu itaondoka yenyewe.

Mwanao

Tarehe 14 Septemba

Mwanangu,

Natumai barua hii inakukuta na afya. Mimi afya ninayo, aibu pia ninayo.

Kiti kimefika kwa lori, mtaa mzima ukatoka. Ni kizuri, Kijiti. Mwenye duka alikipapasa kama anapapasa ng'ombe wa kununua. Nikawaambia wote, bila msumari hata mmoja, mikanda ya chuma tu.

Kisha tukaanza kukiingiza. Kiliingia kichwa, kikagonga ukuta wa mbele, mkia ukabaki barazani. Wakakigeuza, wakakilaza ubavu, wakakisimamisha wima. Dereva akafuta jasho akasema, "Mama, hapa tuseme ukweli, nyumba ndiyo iingie kwenye kiti." Watu wakacheka mpaka mtoto wa mtu akaamka.

Kuhusu uzi. Jirani alikuwa ananitazama. Nilipofika mwisho wa ukuta, mkono ulikataa kusimama.

Kwa sasa kiko barazani, chini ya turubai. Jirani alikikalia akasema harufu inampa kizunguzungu. Nikamwambia kizunguzungu hicho amekuja nacho. Hakuna shida lakini. Mwisho wa mwaka unakuja, utakirekebisha kwa mkono wako.

Mama yako

Tarehe 5 Oktoba

Shikamoo mama,

Nimecheka, ila tafadhali usinisubiri. Mbao zile hazina gundi, zinabanwa na mikanda tu. Jua likizikausha zinasinyaa, mikanda inalegea, na kiti kinageuka kuni. Mwite seremala yeyote wa hapo akate upande mmoja, upana wa kiganja au zaidi kidogo, kisha arudishe mkanda. Ni kazi ya asubuhi.

Karatasi bado hazijatoka. Goti linaendeleaje?

Mwanao

Tarehe 30 Oktoba

Kijiti,

Goti lipo. Tuliache.

Seremala alikuja na msumeno wake. Nikampa chai, tukazungumza habari za watoto wake, nikamrudisha na msumeno wake. Kiti cha mwanangu hakiguswi na mtu mwingine.

Alipoondoka nikafunua turubai, nikakaa. Nikaegemea, nikakuelewa kama ulivyosema. Nikakaa sana, na mtu akikaa sana anafikiri. Sebule hii umelala humo mpaka ndevu zikaota. Kichwa kiko ukutani, miguu iko ukutani, ukitaka kujinyoosha tunakufungulia mlango. Leo unaletewa uzi mrefu kama ule, wewe fundi, unaukubali? Mimi nilitia chumvi, nakiri. Wewe uliionja ukanyamaza. Kwa nini, baba?

Mama yako anayesubiri

Tarehe 19 Januari

Shikamoo mama,

Nisamehe kwa kimya. Mwili ni mzima.

Nilijua. Nilipounyoosha uzi wako mezani nilicheka mpaka tajiri akaja kuangalia kuna nini. Kisha nikakata mbao kwa uzi uleule. Nilitaka kiwepo kitu hapo nyumbani kilichokwama, ambacho hakuna wa kukikwamua ila mimi. Nikiwa kwenye foleni ya karatasi nilikuwa najiambia, kiti hakijaingia, lazima niende. Halafu ulipoandika kiko barazani nikaogopa jua, nikakwambia uite seremala.

Karatasi zimerudi, mama. Wamekataa. Naruhusiwa kuomba upya, lakini nikitoka kabla ya jibu mlango wa kurudi umefungwa, na jibu hakuna anayejua litatoka lini. Tajiri anasema niombe, atanisimamia, kazi yangu anaipenda. Mimi nikirudi chumbani kwangu nakaa kitandani na viatu miguuni, kama mtu wa safari.

Nimeshindwa kuamua. Ukisema rudi, naacha kazi, narudi. Ukisema kaa, nakaa. Niambie wewe.

Mwanao

Tarehe 22 Machi

Mwanangu Kijiti,

Nakusalimu kwa moyo wote. Mimi mzima wa afya, na hilo nalisema kweli, hata nesi amelikubali.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu jibu lililokuja kwanza lilikuwa langu, halikuwa lako. Kila nikishika kalamu mkono unataka kuandika rudi. Na mkono huu sisi wawili tunaujua tabia yake. Nikasema ngoja utulie.

Mchana mmoja mkanda wa kiti ulifyatuka, ukavingirika mpaka kwa jirani. Akaurudisha bila kusema neno. Jirani yule, bila neno. Hapo nikajua hali ni mbaya. Nikafunua turubai, nikaona mwanga unapita katikati ya mbao.

Nilimwita tena seremala, nikamwambia msumeno auache kwake, aje na nyundo. Akafunika mbao kwa vitambaa vibichi mpaka zikavimba zikakumbatiana, akagonga mikanda ikarudi. Halafu nikamwita mwashi. Kiti sikukikata, baba. Nimebomoa mlango. Sasa ni mpana, mwenye duka anauliza kama ninafungua gereji. Tumekiweka kutoka pembe hadi pembe, ndivyo kilivyokubali. Anayeingia hana pa kusimama, lazima akae. Jirani anakuja kila jioni, kizunguzungu kimepona.

Basi kiti kimeingia. Hapa hakuna tena kinachomngoja fundi. Usiache kazi kwa ajili ya ubao, wala kwa ajili ya goti langu, nimelitumia sana kwenye barua hizi. Omba upya hizo karatasi. Vua viatu, baba, ulale. Mama yako anasema kaa.

Usinione jasiri. Jirani akishakwenda zake nabaki nimekaa, na ninakutaka hapa mpaka meno yanauma. Lakini nimekulea ujue kazi, sasa unaijua, na mimi ndiye ninayetangaza mtaani kwamba unaijua.

Siku jibu lao likitoka, njoo. Usitafute sababu ya safari. Mimi sina kilichovunjika, sina cha kutengenezwa. Njoo nikuone tu.

Mama