Anayejua Ninapoumwa

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Hapa Gungu hatujambo. Shangazi yako bado anauza dagaa kule sokoni Kibirizi, na kelele zake ni zile zile. Lakini wewe unanichosha! Kila ukipiga simu: "Babu, mpaka leo unatibiwa na nesi? Nenda kwa daktari!" Haya, nikujibu mara moja nipumzike.

Nilipokuwa mwalimu kijana nilimpeleka mama mkwe wangu kwa daktari, nikijivuna kweli. Daktari hakujua Kiha, mama hakujua Kiswahili, basi nikawa mkalimani. Daktari akauliza, "Anaumwa wapi?" Mama akageukia ukutani, akanong'ona, "Kichwa." Tukarudi na dawa ya kichwa, naye akaendelea kujikunja kwa maumivu, mkono chini ya kitovu. Nikamfokea bibi yako kwamba mama yake hataki kupona.

Nesi wa zahanati, Muha mwenzetu, alipotuona alinicheka. "Mwalimu, umesoma bure! Mama gani atataja kizazi chake mbele ya mkwe? Hebu toka nje!" Nikatoka. Mama akasema, akatibiwa, akapona.

Sasa wewe unataka kuja kunishika mkono kwa daktari na kunijibia maswali. Zuhura, nilikuambia ni magoti. Si magoti. Nesi wangu wa sasa anajua, na ndiye aliyenipeleka hospitali kupimwa. Ukija, na usichelewe, muulize. Nimempa ruhusa akueleze yote.

Mimi nitakaa nje.

Babu yako