Tochi Inayoliza Redio

Mpendwa Mama Nanjala,

Naandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa nasari, na bado mistari inapandana. Ungekuwa hapa ungeninyang'anya kalamu uandike mwenyewe. Lakini haya siwezi kumwambia mtu mwingine aniandikie, hata mtoto wetu. Kesho Nanjala anakuja hapa Kibomet, Kitale, kufunga duka la redio na kunipeleka nyumbani Kabuchai. Macho yameisha, mke wangu. Limebaki tundu moja dogo katikati ya jicho la kulia, naiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na daktari amesema hata hilo litaziba.

Unakumbuka tulivyoanza ile tochi? Mvua za Kitale zilikuwa zinatukatia stima kila alasiri, nawe unabaki pale verandani na kichwa cha mteja, nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Tochi za kununua zilikuwa zinamaliza betri kabla hujafika kisogoni. Nikakuambia nitaunda yangu, ya LED nyeupe, itumie betri moja tu, tena ile ambayo redio imeshaikataa. Ulicheka sana. Wewe ndiye ulikuwa unaanika betri zilizochoka juu ya mabati pamoja na omena, eti jua lizirudishie nguvu.

Shida ni kwamba LED nyeupe inataka nguvu ya betri mbili nzima, nami nilikuwa na moja, nayo mgonjwa. Dawa yake ni koili, waya uliozungushwa kwenye kipete. Umeme unakatwakatwa haraka haraka, na kila ukikatwa, koili inaurusha juu kuliko ulivyoingia. Transista ya kuukata niliitoa kwenye redio ya mteja aliyehama bila kuaga. Kipete cha koili nilikipata ndani ya balbu ya kuokoa umeme iliyoungua, kidogo kuliko pete yako ya ndoa. Sasa nyaya mbili, nyembamba kama uzi, zilitakiwa kupita ndani ya hicho kipete pamoja, zikizunguka bila kupandana, na vidole vyangu hivi kazi yake ilikuwa kuzikata tu. Ulinisikiliza nikiutukana waya mpaka ukachoka. Ukafuta mafuta ya nywele mikononi, ukaja.

"Leta hapa. Hii si ni nywele za uzi tu?"

Ukazisuka. Ulivuta na kulaza, ukavuta na kulaza, vile vile unavyofunga uzi kwenye nywele za mtu, na ulipomaliza hakukuwa na waya uliopanda juu ya mwenzake. Mimi fundi nikaunganisha, haikuwaka. Nilikuwa nimefunga mwanzo wa waya mmoja na mwanzo wa mwingine, kumbe mwanzo wa huu hufungwa na mwisho wa ule. Nikageuza. Ikawaka, nyeupe mpaka tukakunja nyuso, na papo hapo redio iliyokuwa juu ya rafu ikaanza kupiga yowe.

"Zima hiyo kitu, Baba Nanjala! Ledio inalia, na ni saa ya vifo!"

Nikakucheka, fundi wa redio aliyeoa mwanamke anayesema ledio. Lakini nilizima, maana matangazo ya vifo ulikuwa huyakosi. Ulisema mtu hawezi kuzikwa huko kwetu sisi tukiwa hapa Kitale tunauza sura. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya duka kwamba matangazo yakianza, tochi inalala.

Heri ningeacha hapo. Sikuacha. Wiki baada ya wiki niliona mwanga hautoshi. Nikapunguza rezista, kile kizuizi cha umeme, nikapunguza tena, LED zikaungua, nikaweka nyingine. Wateja wakafunika nyuso. "Fundi, punguza bana, unanichoma macho!" Nilidhani wananisifu tu ili niwapunguzie bei. Nilichora saketi upya nyuma ya kalenda, nikailaumu transista, nikazilaumu betri zako za juani, kila kitu nililaumu.

Siku moja mchana ukaja ukasimama kando yangu, ukaniuliza, "Nimeshika nini?"

"Hujashika kitu. Wacha mchezo, niko kazini."

Kumbe ulikuwa umenyanyua kitana karibu na sikio langu muda wote. Ulikisogeza polepole mbele ya uso wangu mpaka nikakiona, kikatokea kama kimetoka hewani. Ukaketi kwenye kiti cha wateja. "Tochi haina makosa," ukasema, na ukalia.

Daktari akaita presha ya macho. Akatuambia kilichokwenda hakirudi. Wewe ulikataa kusikia, ukawa unanitonesha dawa asubuhi na jioni, umenishika kidevu, unanikemea nisipepese. Nani angejua kwamba wa kuondoka ni wewe? Kikohozi tu, tukasema ni baridi ya Kitale. Ile chupa ya dawa ya macho ilikuwa haijaisha nilipokusindikiza Kabuchai ukiwa ndani ya sanduku.

Kuna jambo la siku zile ambalo haliniachi. Watu wamejaa uani, redio iko mezani, wote wamenyamaza wasikie jina lako likisomwa. Mimi nilikuwa natafuta kiti. Chini ya turubai kulikuwa na giza langu hili la pembeni, nikawasha tochi. Redio ikapiga yowe. Nasikia "tunasikitika kutangaza", halafu wiii, wiii, halafu Nanjala ananivuta mkono, "Baba, zima tochi!" Nilipozima, walikuwa wanamsoma mtu mwingine. Watu walisikia jina lako katika wilaya nzima, Mama Nanjala, isipokuwa nyumbani kwako.

Niliporudi Kibomet nilikuwa na hasira ya kuvunja. Nikaifungua tochi, nikachomelea kapasita ya kunyamazisha ile kelele. Ikanyamaza kabisa. Nikajiona nimefanya la maana.

Sasa nisikilize. Nina picha yako moja, ile ya harusi ya dada yako kule Ndalu. Naiwekea tochi karibu, naitazama kwa hili tundu langu. Naona jicho, basi. Nikisogeza naona mdomo, lakini jicho limeondoka. Uso wako mzima siuoni tena, mke wangu, na nikijaribu kuuunganisha kichwani vipande havikubali. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi. Tundu likiziba, kitu pekee cha mikono yako kitakachobaki ni ile koili, na LED haina joto. Balbu za zamani ungezifunika kiganja ukajua zinawaka. Hii nitaibonyeza gizani kule Kabuchai, na sitajua kama iko hai.

Ndiyo maana leo mchana niliwasha chuma cha kuchomelea risasi mara ya mwisho. Nilitaka kuitoa ile kapasita, tochi ilize redio tena, niisikie. Kazi ya kupepesa jicho ilinichukua mpaka chai ikapoa mara mbili. Nilichoma kidole, nikachoma meza, nikaomba kwa sauti kama mlevi nisije nikagusa koili yako. Ikatoka. Nikaweka betri, nikafumba macho makusudi, maana nilitaka kujaribu nitakavyokuwa. Nikabonyeza. Nikaisogeza karibu na redio.

Nyimbo tu. Nikaisogeza mpaka ikagonga redio. Nyimbo tu. Mama Nanjala, nilikaa pale nimefumba macho na sikuthubutu kuyafungua, nikijua nimeikata koili mwenyewe, nimekuzika mara ya pili kwa mikono yangu. Nililia mpaka jirani akauliza kama niko sawa.

Halafu nikajiuliza, nyimbo hizi ni za nani? Ni za Nanjala. Wiki iliyopita alipokuja aliiweka redio kwenye FM, na FM haijawahi kusikia kelele za tochi yetu. Nikapapasa kitufe, bado nimefumba macho, nikairudisha kwenye mediamu, masafa yetu ya zamani.

Ilikuwa saa ya vifo. Mtangazaji alikuwa anasoma jina la mama wa watu, na juu ya jina lake koili yako ikapiga yowe, wiii, kama siku ile ya kwanza. Najua sheria ya duka. Najua kuna ua wa msiba mahali fulani, watu wamenyamaza, wanamsubiri mtu wao. Nilimwambia yule mama pole.

Lakini sikuzima.

Mumeo ambaye bado anakusikia,
Baba Nanjala