Aliyekwenda Kuitazama Shule Badala Yangu

Alhamisi, 1 Agosti 1957

Kwa jina lako, ee Mola mwenye huruma. Amani iishukie nyumba hii na wote waliolazwa kwa ndui hapa Kamina.

Safari imevunjika. Nilipanga kumpeleka mjukuu wangu Hawa Elisabethville, tuitazame shule ya wakunga ya masista kabla sijamkabidhi. Kituoni wamezuia — hapandi mtu treni ila wa reli. Wanafunzi waliokwisha kupokewa wataruhusiwa mwezi wa tisa. Wazee wa kutazama tu, hapana!

Ijumaa, 2 Agosti

Nimemkumbuka marehemu baba. Alinipeleka kwa mwalimu wangu wa Kurani, mjini Kasongo, kwa miguu. Walikula sinia moja. Akanywa maji ya kisima chake, akalala kwenye mikeka ya wanafunzi. Ndipo akanikabidhi, mkono kwa mkono. Hadi leo naisikia harufu ya mikeka ile, na ya wino wa masizi.

Mke wangu Rehema ananicheka: weye utalala kwa bamasista?

Jumamosi, 3 Agosti

Jirani yetu Gaston, dereva wa treni, anashuka kesho Elisabethville. Mkatoliki, lakini mtu wa haki. Nimemwomba akaitazame shule, ale huko badala yangu.

"Baba, kula ndo kazi yangu!"

Alhamisi, 8 Agosti

Gaston amerudi.

"Vitanda iko, mustikere ya kuzuia mbu iko, maji safi. Samaki — sahani mbili! Na nafasi ilibakia moja, nikamushikia Hawa."

Nikashukuru. Kisha akaongeza:

"Sista aliuliza kama mutoto iko wa kwetu Bakatoliki. Nikasema: iko mujukuu yangu."

Hakudanganya. Kwetu mjukuu wa jirani ni mjukuu. Lakini sista ameelewa kwamba Hawa amebatizwa, na shule hiyo hupokea waliobatizwa kwanza.

Rehema: unyamaze tu! Na ndui hii, nani atakuja kuuliza?

Hawa akapiga magoti mbele yangu. "Babu, bwana yangu, miye siendi kubadili dini. Naenda kuzalisha bamama."

Nikamwinua.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimesali sana. Mwalimu wangu alinipokea akijua mimi ni mtoto wa nani.

Jioni Gaston kapita na chakula chake cha njiani, anashuka tena.

"Baba, nikisema kweli, nafasi itaenda kwa mwingine."

"Ukaseme."

"Tout de bon? Kweli kabisa?"

"Ukaseme, mwanangu. Na useme pia kwamba ana akili, na mikono yake ni mipole."

Hawa alikuwa mlangoni. Hakulia, hakunitazama. Treni imepiga honi — Gaston amekwenda nalo neno langu.

Sasa namsikia chumbani. Anakunja nguo zake, anazipanga sandukuni kana kwamba nafasi bado ni yake. Rehema ananikonyeza nimzuie. Sijamzuia.

Mola amhifadhi kila atakayeyasoma haya nikiwa sipo, yeye na watu wa nyumbani mwake, wazima na wagonjwa. Amina.