Jina la Zainabu Ulilokuwa Unalimeza

Shabani, mtani wangu,

Mchungaji wetu ananiambia wafu hawaandikiwi, wanaombewa. Nimemjibu kwamba wewe ulikuwa Mwislamu mkaidi, na hungekubali kuombewa na Mwanglikana wa Lumuma hata kama ni dawa. Kwa hiyo nakuandikia. Nipo barazani kwangu hapa Mabwerebwere, gitaa langu la besi linaning'inia msumarini, uzi mmoja umekatika na sijahangaika kuubadilisha.

Wamekutolea albamu ya nyimbo bora.

Nauona uso ulivyojikunja. Tulia, umeshakufa, huwezi kumpiga mtu. Inaitwa Nyimbo Bora za Mzee Shabani. Haina kanda wala sahani ya kushika mkononi, imo kwenye simu za watu na kwenye flashi za madereva. Picha ya jalada ni ile tuliyopigwa harusini Kimamba, mimi na wewe bega kwa bega. Mimi wamenikata. Kimebaki kiwiko changu tu, na nadhani wengi wanakiona ni sehemu ya gitaa lako.

Aliyeitoa ni mwanao Hamisi, akishirikiana na kijana mmoja mwenye studio huko Morogoro; nyimbo wamezikusanya kwenye kanda za zamani walizobaki nazo watu. Usimkasirikie. Alitaka wanawe wajue babu yao alikuwa nani, maana alipokuwa mdogo wewe ulikuwa kwenye kumbi, na alipokua akahamia mjini. Alikusikia ukiimba mara chache kuliko walivyokusikia walevi wa Mikumi. Nakwambia hili mapema kwa sababu ndilo lililozaa mengine yote.

Unakumbuka yule bwana aliyetufuata Mikumi, kwenye ile baa ya kando ya barabara kuu ambako malori yanalala? Alitaka ukusanye zile zilizovuma, azitoe upya kwa pamoja. Ukamwambia albamu ya nyimbo bora ni kiporo. Mimi nikadakia kwamba kiporo cha wali kina wenyewe, tena chenye nazi hakifiki saa nne. Watu wakacheka, bwana yule akacheka, wewe hukucheka. Siku nyingine ulisema ukishachagua nyimbo bora, zile zilizobaki umezitangazia msiba. Siku nyingine tena ukasema hiyo ni hitma ya mtu ambaye bado anakula. Kila aliyekuuliza alipewa jibu jipya, mpaka nikajua hakuna hata moja lililo la kweli.

Nilibishana nawe sana juu ya hilo. Nilikutajia wenzetu. Kuna aliyetoa ya kwake kwa sababu figo zilikuwa zimekataa kazi. Kuna ambaye hakutoa yeye, walimtolea waliokuwa na kanda zake, akaisikia kwenye redio ya kinyozi akiwa ananyolewa. Kuna waliotoa kwa sababu nyimbo mpya zilikuwa zimegoma kuja, wakaona heri kuuza zile zilizokwishapendwa. Nikakwambia sisi ni wazee, vijana hawana hata chombo cha kuchezea kanda, tusipozikusanya zitakwenda na sisi. Uliniambia nipige besi.

Sababu yenyewe uliniambia asubuhi moja, tumekaa juu ya spika pale Mikumi tunasubiri lori la kuturudisha Kilosa. Hukunitazama. Ulisema, "Yohana, lile jina bado sijaliimba."

Nilielewa bila kuuliza. Ni lile jina la mkeo. Wimbo wenyewe kila mtu wa bendi aliujua ulivyozaliwa: Zainabu, kabla hujamwoa, amekaa dirishani kwenye treni ya kwenda Kimamba, na wewe umesimama stesheni ya Kilosa na maneno yako yote kifuani. Treni inaanza kuondoka. Katika maneno yote yale likatoka moja tu, kwamba afunge dirisha, vumbi litamwingia machoni. Basi. Wimbo mzima ni huo. Ila kila ulipofika kwenye jina ulilimeza. Ulikuwa unakohoa kidogo, kisha unalipitisha mbio mbio, herufi nusu zinabaki kooni, na gitaa lako linarukia juu yake kama mtu anayefunika chungu. Shemeji zako walikuwa wanakaa viti vya mbele, na wewe ulikuwa na haya mpaka mvi zikakuota. Hapo ndipo nilipojua kwa nini hukutaka nyimbo bora. Ulikuwa unasubiri uimbe hiyo moja sawasawa, halafu ndipo mtu azihesabu.

Hukuwahi.

Kanda yenye wimbo huo tulikuwa nayo moja tu, ile ya ukumbini Mikumi. Mto Mkondoa ulipoingia ndani kwenu ule mwaka wa mafuriko, sanduku la kanda lilikuwa uvunguni. Tulizianika kwenye kamba ya nguo, utepe kwa utepe, majirani wanatuuliza kama tunakausha utumbo wa mbuzi. Zilipokauka zilitoa mlio wa matope tu. Ukasema si neno, utaurekodi tena, na safari hii utaliimba.

Sasa nifike kwenye msiba wako.

Nilifanya kazi ya mtani, kama wazee wetu walivyotuachia, watu wa mlimani na watu wa bondeni. Nililala mlangoni jeneza lisipite mpaka nipewe jogoo. Walipotoka makaburini, watu wamekaa kimya uani na shemeji Zainabu yuko ndani na wanawake, nikavaa koti lako na kofia yako, nikashika mpini wa jembe kama gitaa, nikakuiga. Ndiyo haki yako, na ndiyo haki yangu. Nikakohoa kikohozi chako. Nikaimba wimbo wa dirisha. Na nilipofika kwenye jina, kwa kuwa mtani kazi yake ni kukuchokoza mpaka kaburini, sikulimeza. Nililivuta. Zaaainabu, nikalivuta mpaka pumzi ikaniishia, nikapiga magoti mbele ya mlango wa wanawake. Uani watu walicheka huku machozi yanawatoka, na ndani nikasikia mtu anacheka pia. Nilifurahi. Nilijua na wewe ungecheka, kisha ungenitukana.

Kuna mtu alirekodi kwa simu. Sijui ni nani, kila mtu siku hizi ana simu. Sauti ikatumwa huku na huku kwenye magrupu, mpaka mahali fulani njiani mtu akaandika chini yake: Mzee Shabani, Zainabu. Ikamfikia Hamisi. Hamisi siku ile alikuwa bado makaburini akiwashukuru watu, hakuniona nikikuiga. Akasikia kikohozi cha baba yake, akalia, akampelekea kijana wa studio. Kijana akaondoa vicheko kwa kompyuta, akaweka gitaa na ngoma. Ndio wimbo wa kwanza kwenye albamu yako, Shabani. Mimi ndiye wewe.

Niliusikia mara ya kwanza Mikumi, nilipokwenda kuuliza kama bado wanataka bendi. Hawataki, wana spika. Dereva mmoja wa lori alikuwa anausikiliza, ameacha nyama inapoa. Akaniambia, "Mzee, huyu baba alijua kupenda. Sikia anavyomwita." Nikamwambia huyo si Shabani, ni mimi nikimtania. Akanitazama, akamwita mhudumu aniletee soda, na akanishauri nirudi nyumbani nipumzike.

Hamisi nilimpigia. Ulimlea vizuri, aliniamkia kwanza hata kabla sijasema lolote. Nikamweleza. Kisha akasema, "Baba mdogo, huo ndio wanaoupenda kuliko zote. Nikiuondoa, na hizo nyingine hawatazisikiliza. Halafu niweke nini mahali pake?" Ungekuwa wewe ungempa nini? Utepe wa matope?

Wajukuu zangu wanauimba wakienda shule. Mmoja aliniuliza kwa nini Zainabu anaambiwa afunge dirisha wakati madirisha ya treni ya umeme hayafunguki. Nikaanza kumweleza treni ya zamani, vumbi la Kimamba, mtu mwenye haya, nikaona ameshaondoka. Wanalivuta jina vilevile nilivyolivuta mimi. Baada ya sisi kufa, hivyo ndivyo utakavyokuwa umeimba.

Nilidhani shemeji hajui. Nilimwacha mpaka akamaliza eda, nikaenda na ndizi kidogo. Wimbo ulikuwa unasikika kwa jirani. Nikaanza, "Shemeji, huu wimbo," naye akanikatiza. "Najua si yeye. Nilikuwa ndani siku ile, umesahau? Nilicheka." Akaendelea kuchambua mboga. Akasema watu wanamsimamisha sokoni, akina mama wanamwambia una bahati, mumeo alikuita mbele ya dunia nzima. Anaitikia ahsante. Akasema, "Aliyenioa mimi alikuwa analimeza jina langu. Huyu anayelivuta simjui."

Kisha akaweka ungo chini na kuniomba kitu. Aliniomba nimwimbie vile ulivyokuwa unaimba kweli. Polepole tu, pale jikoni, bila gitaa. Alisema, "Wewe ulisimama karibu naye miaka yote, shemeji. Nisikie alivyokuwa analimeza, mara moja."

Nikajaribu. Nikakohoa, kikohozi kikatoka sawa. Stesheni ikatoka sawa, treni ikaondoka sawa. Nilipofika kwenye jina mdomo wangu ukalivuta. Nikaomba radhi, nikaanza upya, nikalivuta tena. Nikafumba macho nikusikie, Shabani, maana nimekusikia ukilimeza tangu tuna meno yote, Kilosa, Kimamba, Mikumi, kwenye harusi na kwenye baa zenye nzi. Nilichosikia ni mimi. Ni ule wimbo wa kwenye spika, na gitaa la kompyuta, na mimi. Nilipojaribu kwa mara nyingine sauti yenyewe ilikataa, nikabaki nimefungua kinywa mbele ya mkeo kama kuku mwenye kiu.

Alisema, "Basi, shemeji. Kunywa chai."

Tukanywa. Hakulia, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko kama angelia. Jirani akaurudia wimbo toka mwanzo.

Tangu siku ile nakutafuta. Nakutafuta nikiwa shambani, nikiwa kanisani, nikipita stesheni ya zamani ambapo sasa panakaa mbuzi. Maneno yako ninayo, vituko vyako ninavyo, hata matusi. Sauti sina. Nikikukumbuka unaniambia nipige besi, unaniambia kwa sauti yangu. Nilikuwa nadhani mtu akifa hukaa kwa waliomjua, hivyo ndivyo tunavyoambiana matangani. Uongo. Mimi nilikujua kuliko wote na nimekupoteza nikiwa nakuiga.

Ulifanya sawa kukataa, na mimi nilisema kweli kwamba nyimbo zitakwenda na sisi. Haikutusaidia lolote, si wewe wala mimi.

Lala, mtani wangu. Koti lako nimemrudishia shemeji. Ninachokuahidi ni kidogo: wimbo ule siuimbi tena, si harusini, si jikoni, hata akiniomba Hamisi, hata akiniomba yeye Zainabu. Wengine wakiuimba, nitanyamaza mahali pale ulipokuwa unameza. Sitegemei kwamba utasikika. Na nikifika huko uliko, usinisalimie, wala usiniulize habari za nyumbani. Kohoa, kisha litaje jina lake vile ulivyokuwa unalitaja, nilisikie kabla sijakaa.

Mtani wako,
Yohana