Dawa ya Meno Uliyomtumia Baba

Nyumbani,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Baridi ya huko imepungua? Wifi hajambo? Na Kibogoyo wenu, meno ya mbele yameshaota? Sisi wazima, isipokuwa mzee, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu, maana nimechoka naye mpaka basi.

Ile dawa ya meno uliyotuma, ya kuua bakteria, imeniletea balaa. Baba alivaa miwani, akasoma maandishi yote ya kiboksi, akatangaza kwamba hana haja tena na daktari. Ana jino la nyuma lenye tundu linaloweza kumeza punje ya hindi. Kila asubuhi analijaza dawa hiyo, anaziba kwa pamba, kisha anakaa sebuleni amefumba mdomo, haongei na mtu, eti anawapa bakteria muda wa kufa.

Miaka tisa namshikia daktari wa meno koleo, lakini nyumbani sijui kitu. Nimeeleza hadi koo limenikauka: bakteria hujishikiza kwenye ule utando unaoteleza juu ya jino, wanakula sukari, wanatoa asidi, na asidi ndiyo inayolila jino. Dawa inawapunguza na kuwadhoofisha huko juu, tena ukipiga mswaki vizuri na usiposukutua kwa maji ndoo nzima. Waliozama ndani ya tundu haiwafikii. Akanijibu, "Wewe kazi yako kushika koleo. Hii imeandikwa."

Jumapili shavu lilivimba mpaka jicho likawa dogo. Vidonge vimetuliza uvimbe, lakini jino lisipotoka utarudi, na daktari amesema wazi kwamba usaha ukishuka shingoni unaua. Kaka, nimepiga kelele, nimelia, nimetishia kuhama. Wapi!

Jana nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda. Akasema bila kunitazama, "Mwanangu katuma dawa kutoka mbali kote huko. Nikienda kung'olewa, atajua haikunifaa."

Nilitoka nje, maana ningesema neno baya.

Mwandikie leo hii, tafadhali. Mwambie dawa ni nzuri, aitumie kulinda meno yaliyobaki, na hili moja umeridhia ling'olewe.

Nisalimie wifi, na Kibogoyo mbusu kwa niaba ya shangazi yake. Mola awafunike huko mliko. Mimi ndiye ninayemnywesha mzee supu kwa kijiko, Kaka, lakini mtu ambaye yeye anaogopa kumvunja moyo ni wewe.

Akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Dada yako.