Daftari la Ruwayda

Nyumba Na. 41, Attercliffe,
Sheffield, Uingereza.
9 Novemba, 1991.

Mpendwa Ami Thabit,

Assalaam alaykum. Kwanza nabusu mkono wako na goti lako, kama ambavyo ningefanya ningekuwa mlangoni kwako. Hujambo, ami? Lile jicho la kushoto limepata nafuu? Na Mama Mdogo Hamama, bado anashuka mwenyewe kuteka maji birikani, au mmempata wa kumtekea? Mvua za mwisho zilifika kwenye matuta yetu, au zimeishia bondeni kama mwaka jana?

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Baba kifua kinambana kukicha, na masikio yake yaliliwa na kile kiwanda cha chuma. Ukimwambia chai tayari, anakujibu kwamba Ijumaa ni kesho. Ila uji wake wa asida na uwatu anamaliza sahani, kwa hiyo sina wasiwasi sana.

Barua hii sikuitia posta. Nimempa Bi Muluk, anayerudi huko kumwoza bintiye, naye ameishona ndani ya koti lake. Ukikuta mshono umefumuliwa, usimseme Bi Muluk, ila nijulishe upesi.

Ami, nina jambo zito, na kosa ni langu. Wewe ndiye uliyemsindikiza Baba hadi Aden, kwa hiyo unajua. Waingereza siku zile walimtaka mzaliwa wa Aden, iliyokuwa koloni lao, sisi wa milimani hawakututaka, na Baba akaingia nchi hii kwa cheti cha mtu mwingine. Tangu hapo huku yeye ni Shaif Naji. Mimi nilipofika nina miaka tisa, kitu cha kwanza alichonifundisha ni jina langu jipya, kabla hata ya kunionyesha choo kilipo. Nusu ya wazee wetu huku ni hivyohivyo, na hakuna anayelitamka. Tunaogopa siku serikali itakapojua, itatunyang'anya vyeti na kuturudisha sote, wazee kwa wajukuu.

Sasa, mwaka jana mwenyekiti wa chama chetu, Ustadh Murshid, alileta shauri. Huyu Ustadh ndiye aliyewafundisha wazee kusoma baada ya kazi, na ndiye anayekwenda nao hospitali kuwatafsiria. Sina neno naye, ila nilimwona mwepesi wa kuamini watu. Alitaka kila mzee aliyefanya kazi ya tanuri jina lake lichongwe kwenye bamba la chuma, litundikwe ukumbini kwetu, wajukuu wajue ni nani waliowaleta. Kazi akampa mchoraji mmoja, Ruwayda, binti wa marehemu Haidar aliyekuwa zamu moja na Baba.

Binti huyo kazaliwa hukuhuku, kasomea sanaa chuoni, anavaa buti za kiume, na anacheka kabla hajaketi. Mimi mtu anayecheka kabla hajaketi simwamini hata kidogo.

Alikuja Jumamosi, wazee wamejaa sebuleni wanatafuna miraa. Nikamzuia mlangoni.

“Shangazi Dawla, nimekuja kumsalimia Ami Shaif tu.”

“Salamu siku hizi zinakuja na penseli?”

“Ya kuchorea hii, Shangazi.”

“Haya, chora sinia lile.”

Akachora kweli, na mkate wa asali juu yake, mpaka wazee wakaangua kicheko na kumwita akae kati yao. Nikaona nimeshindwa nyumbani kwangu mwenyewe.

Basi akawa haishi kuja. Na maswali yake, ami! Hakuwauliza wazee habari za chuma wala moto. Aliwauliza, “Mama yako alikuwa akikuitaje?” Sikiliza swali hilo. Nani anauliza swali kama hilo kama hakutumwa? Tena hakuwa na kinasa sauti, penseli tu na daftari jekundu. Tena kila mara lilimshusha gari jeupe pale kona, halikumfikisha mlangoni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami nilikuwa nashtuka kila wiki. Nikawa namwambia Baba amelala, kumbe Baba yuko chumba cha pili anakohoa.

Ijumaa ya tarehe kumi na moja mwezi uliopita akaenda kutawadha, akaacha mkoba wake jikoni kwangu. Nikaufungua. Ndiyo, niliufungua, sitaficha. Ukurasa wa kwanza una safu mbili. Kushoto, majina ya vyeti. Kulia, kwa kila mtu, jina jingine, na la baba yake, na la babu yake, na kijiji. Wanne kati yao nawajua tangu utotoni. Nikasema, kumbe ndiyo kazi yake, anatuuza mmoja mmoja.

Sikufungua ukurasa wa pili. Nililisukuma daftari chini ya gunia la unga, nikakanda mkate, na aliporudi nikampa mkoba wake kwa tabasamu. Alipoondoka nililichoma kwenye pipa la uani. Upepo ulizima kiberiti mara tatu, na mara ya nne likashika. Nikakoroga majivu kwa mti mpaka yakawa unga, nikaingia ndani nikalala usingizi mzuri, Mungu anisamehe.

Kesho yake akaja, safari hii hacheki.

“Shangazi, hujaona daftari langu?”

“Sijaliona. Tafuta kwenye lile gari lako jeupe.”

“Lile gari ni la Ustadh Murshid. Ananishusha kona kwa sababu wewe unamfokea kila akipita hapa.”

Jioni ile Ustadh akaja mwenyewe pamoja na Ruwayda, akaketi na Baba kumweleza kwamba daftari limepotea, akawa anapiga kelele ili Baba asikie, na mtaa mzima ukasikia. Kumbe safu mbili zilikuwa shauri la wazee wenyewe. Bamba lingebeba majina ya kweli tu, bila ya vyeti, ili mtu wa serikali akisoma asijue nani ni nani. Safu ya kushoto ilikuwa ya kumsaidia Ruwayda asiwachanganye, na herufi zikishachongwa, daftari lingechomwa mbele ya wote. Kinasa sauti walikikataa wao, kwa kuwa sauti ya mtu hujulikana. Wazee arobaini na watatu walimpa majina yao, na yeye akala yamini asimwambie hata mama yake.

“Basi limeshachomwa,” nikasema. Nilisema kwa sauti ya chini, ami, lakini Baba, ambaye wiki nzima hakusikia kitu, hilo alilisikia.

“Limechomwa na nani?”

Akanitazama mpaka nikaangalia chini.

“Jina langu lilikuwa ukurasa wa tatu,” akasema. “Nilimpa siku ulipokwenda sokoni. Miaka thelathini na sita sijalitamka. Nimelitamka mara moja, mwanangu, ukalichoma.”

Nililia kama mtoto. Ruwayda hakunigombeza, akaninyooshea kitambaa tu. Na hata hapo, ami, nafsi yangu mbaya ilikuwa inajiuliza mbona huyu hakasiriki.

Tangu siku ile tunakwenda nyumba kwa nyumba, yeye na daftari jipya, mimi nimebeba mkoba. Sasa ninayetazamwa kwa jicho la pembeni ni mimi. Mzee mmoja alikataa kufungua kinywa mpaka nitoke nje, nikakaa barazani kwenye baridi nusu saa, na sikumlaumu. Baba alikuwa wa kwanza. Kwa kuwa hajisikii mwenyewe, alilitaja kwa sauti ya kiwandani, “Kaid bin Mukbil bin Thabit!” mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Nilitaka kufunga dirisha, akanikataza.

Wengi wamerudia. Lakini wawili walikwisha kufariki. Mmoja, rafiki yake alilijua jina lake. Wa pili ndiye anayeninyima usingizi. Huku aliitwa Salim Ahmed, mrefu, mkimya, hakuoa, alifagia magamba ya chuma chini ya mashine mpaka walipomstaafisha. Tulimzika Ramadhani iliyopita kwa jina hilo la cheti, na ndilo lililo kwenye kaburi lake. Jina lake la kweli hakumwambia mtu, hata aliyelala naye chumba kimoja miaka ishirini. Alimwambia Ruwayda peke yake, akamwomba amsomee alichoandika, kisha akamwomba amsomee tena. Ruwayda kasikia majina mengi mno. Amejaribu kulikumbuka mpaka akaumwa kichwa, na halimjii. Kijiji nacho kilikuwa kwenye daftari.

Kwenye bamba wengine walitaka liandikwe Salim Ahmed, mambo yaishe. Ruwayda akakataa, na mimi nikakataa pamoja naye. Ameacha mstari mtupu.

Tunachojua ni hiki. Aliondoka mwaka wa hamsini na saba. Alitoka upande wenu wa juu, maana kahawa ya huko aliijua kwa harufu. Alilelewa na mama yake tu, na aliacha pacha wa kike. Ami, siku ya soko waulize akina mama, kwa upole, bila kutaja cheti wala Uingereza. Ni nani kati yao alikuwa na pacha wa kiume aliyeondoka mwaka ule na hakuandika tena? Kama bado yu hai, mwambie kaka yake alikufa kwa amani, watu walijaa mazikoni. Na mwambie kuna mwanamke huku anamwomba msamaha, na anamwomba jina la kaka yake.

Nisalimie sana Mama Mdogo Hamama, na Ghalib na mkewe, na Bibi Saada ikiwa bado anauliza habari zetu. Baba anakusalimu, anasema umsamehe kwa miaka yote aliyokuandikia bila kutia jina mwishoni. Mwenyezi Mungu akulinde, akubarikie matuta yako, na akurudishie nuru ya jicho lako.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye, nisiye na raha mpaka unijibu,

Dawla binti Kaid bin Mukbil.